Mastaa na Sarafu za "Mamilioni": Kabla Kibubu Hakijavunjwa

Ubuyu wa mjini siku hizi si ndoa iliyovunjika wala gari jipya. Ni sarafu. Mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni, alikwenda kutembea Uingereza, akarudi salama, na kesho yake akaposti picha ya sarafu ya peni 20 ameibana kati ya kucha mbili ndefu za pinki. Maneno chini ya picha yalikuwa machache: sarafu haina mwaka, kiwanda kilikosea, thamani yake ni mamilioni, Mungu ni mwema.

Mashabiki wakawaka. Wapo waliompongeza, wapo waliomuomba mkopo papo hapo, na wapo waliomtumia picha za chenji zao wakiuliza, "Dada, na hii je?" Haikupita wiki, mchekeshaji mmoja naye akaibuka na shilingi 20 ya zamani, ile yenye tembo na mtoto wake, akidai Wazungu wanaisaka kama dhahabu. Mtangazaji mmoja wa redio akadakia, akasoma hewani orodha ya sarafu za kumtoa mtu kimaisha. Vibubu vikavunjwa. Matapeli nao wakafungua ofisi kwenye simu.

Sasa ukweli usemwe. Sarafu zenye makosa ya kiwandani zipo, na nyingine zina bei ya kutisha. Mtu kuzitafuta kwenye chenji yake si ujinga hata kidogo. Tatizo ni bei zinazotajwa. Staa mwenye wafuasi lukuki akitaja bei asiyoijua, yeye anapata kiki, shabiki ndiye anayelipa.

Sarafu ni ya kweli, bei ndiyo ya uongo

Mwigizaji apewe haki yake: peni 20 isiyo na mwaka ipo, na habari yake inajulikana vizuri. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura ya sarafu zake. Kabla ya hapo, mwaka kwenye peni 20 uliandikwa upande wa nyuma, wenye ua la waridi lililovikwa taji. Sura mpya ikaweka kipande cha ngao upande huo, na mwaka ukahamishiwa upande wa kichwa cha Malkia. Katika kiwanda cha Royal Mint kule Llantrisant, Wales, muhuri wa zamani wa kichwa ukafungwa kwenye mashine pamoja na muhuri mpya wa ngao. Wa zamani hauna mwaka, na mpya nao hauna. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka upande wowote, zikaingia mtaani kama kawaida, watu wakashtuka mwaka 2009.

Kiwanda chenyewe kilikadiria kuwa zilizotoka ni kati ya 50,000 na 200,000. Hesabu ya bei inaanzia hapo. Kitu ambacho kipo maelfu kwa maelfu hakiwezi kuwa na bei ya almasi. Habari ilipolipuka, kampuni moja ya kuuza sarafu ilitangaza kuzinunua kwa pauni 50 kila moja, na kwenye minada ya mtandaoni watu wakaziandikia maelfu ya pauni. Vumbi lilipotulia, nyingi zimekuwa zikiuzwa pauni hamsini, sitini, wakati mwingine zinakaribia mia kama hazijachakaa. Kwa hela za madafu ni laki mbili hadi tatu hivi. Si haba kwa kitu kilichorudishwa kama chenji ya maziwa, ila hainunui kiwanja hata huko Chanika.

Mamilioni yametoka wapi basi? Yametoka kwenye bei iliyoandikwa na muuzaji. Aliyewahi kutembea Kariakoo anajua kuwa bei ya kutajiwa si bei ya kununulia. Mtandaoni ni vilevile. Mtu anaweza kuiandikia sarafu pauni 5,000 ikakaa hapo mwaka mzima bila kuguswa, na mwingine akapiga picha tangazo hilo akasema "imeuzwa". Anayetaka kujua thamani anaangalia zile ambazo tayari zimeuzwa, zilikwenda kwa shilingi ngapi. Tangazo ni ndoto ya muuzaji tu.

Uzushi wenye jina la mtu maarufu haukuanza leo

Wanaodhani mitandao ndiyo iliyoleta haya wakumbuke habari ya senti moja ya Marekani ya mwaka 1943. Nchi ilikuwa vitani, shaba inatakiwa jeshini, hivyo senti za mwaka huo zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zina rangi kama fedha. Lakini vipande vichache vya shaba vilikuwa vimesalia, vikapita kwenye mashine na kugongwa muhuri wa 1943. Uvumi ukaenea kwamba Henry Ford, tajiri wa magari, atampa gari jipya yeyote atakayempelekea senti ya shaba ya mwaka huo.

Mwaka 1947 kijana wa miaka 16, Don Lutes Jr. wa Pittsfield, Massachusetts, alirudishiwa moja kwenye chenji ya chakula shuleni. Akaulizia kampuni ya Ford, akaambiwa habari za gari si kweli. Akaiandikia Wizara ya Fedha, akajibiwa kuwa senti zote za 1943 ni za chuma. Kijana hakugombana na mtu. Akaiweka sarafu yake, akaishi nayo zaidi ya miaka 70. Alifariki mwaka 2018, na Januari 2019 ikapigwa mnada kwa dola 204,000, fedha zikaenda kwenye maktaba ya mji wake.

Kuna mambo mawili hapo. Gari la Ford halikuwepo kabisa, ila jina la tajiri lilitosha kuwafanya watu wapekue mifuko yao. Na bei kubwa ilikuja kwa sababu senti hizo zinazojulikana ni chache mno, dazani moja au mbili hivi. Umaarufu wa mtu haukuongeza hata senti kwenye thamani yake.

Kisha wajanja wakaingia, kama kawaida yao. Wapo waliochovya senti ya chuma ya 1943 kwenye shaba ili ionekane ile adimu. Wapo waliochukua senti ya shaba ya 1948, wakaikwangua 8 upande mmoja mpaka ikafanana na 3. Kumgundua wa kwanza hakuhitaji mtaalamu, ni sumaku tu: ya shaba halisi hainasi, ya chuma iliyopakwa rangi inanasa. Wa pili anataka jicho na kioo cha kukuzia. Kipimo cha sumaku ni cha bei ya karanga, lakini hakuna staa hata mmoja aliyekitaja.

Kosa linalolipa na kosa lisilolipa

Watu wengi wanadhani sarafu yoyote yenye kasoro ni mpunga. Hapana. Kosa lenye bei ni lile lililotokea kiwandani, kabla sarafu haijatoka mlangoni. Iliyopondwa na treni, iliyotobolewa ivaliwe shingoni, iliyochomwa jikoni au iliyolika pembeni kwa kuburuzwa ni sarafu iliyoharibika tu. Hiyo haina mnunuzi.

Na hata makosa ya kiwandani yanapishana. Mfano mzuri ni senti moja ya Marekani ya 1955. Mwaka huo, Philadelphia, muhuri mmoja ulibonyezwa picha zaidi ya mara moja bila kukaa pale pale, na kila senti iliyogongwa nao ikatoka na maandishi pacha. Mwaka unaonekana mara mbili, maneno yanaonekana mara mbili, kwa macho matupu. Zilikuwa zimeshachanganyika na nzima, wakubwa wa kiwanda wakaziacha ziende. Zilizotoka ni kama 20,000 na kitu. Nyingi zilikutwa kwenye pakiti za sigara: mashine ya kuuzia sigara ilikuwa inapokea senti 25, pakiti bei yake senti 23, hivyo senti mbili za chenji zilifungwa ndani ya pakiti. Mvutaji anafungua sigara, anakuta hela yenye kizunguzungu. Leo hata iliyotumika inakwenda dola 1,000 na zaidi.

Sasa ipo nyingine ya mwaka huohuo, 1955, ambayo namba ya mwisho tu ndiyo ina kivuli. Hiyo ilitokana na muhuri uliochakaa, na bei yake ni dola moja, mbili, basi. Anayeangalia video ya sekunde thelathini hawezi kujua tofauti. Wakimbiaji wa kiki hawaoneshi tofauti.

Uingereza nako kuna mtego wa aina hiyo. Sarafu za peni mbili za kuanzia 1971 hadi 1981 ziliandikwa "NEW PENCE". Kuanzia 1982 zikatakiwa ziandikwe "TWO PENCE". Mwaka 1983 chache zikatoka na maneno ya zamani, zikafungwa kwenye seti za wakusanyaji, na hizo bei yake ni mamia ya pauni. Lakini mtandaoni unakuta mtu ameshika peni mbili ya 1971 au 1978 anapiga kelele kuwa ina "NEW PENCE". Bwana, za miaka hiyo zote zina maneno hayo. Ni peni mbili, hata pipi haitoshi.

Kwa hiyo anayepekua chenji yake, awe London, Minneapolis au popote wanapoishi Waswahili ughaibuni, ana mambo machache ya kushika:

Kwanza, ajue sarafu ipi hasa anaitafuta: nchi, mwaka, na kosa lilipo. "Sarafu ya ajabu" haitafutiki.

Pili, asiisafishe. Huku kwetu mtu akiokota sarafu nyeusi, cha kwanza ni ndimu na majivu, au dawa ya meno na brashi. Inang'aa kweli, na bei inashuka hapo hapo. Mkusanyaji anataka sura ya asili, hata kama ni nyeusi.

Tatu, aipime. Mizani ndogo ya sonara na sumaku vinaumbua bandia nyingi kabla mtaalamu hajaitwa.

Nne, ikionekana ni yenyewe, iende kukaguliwa. Marekani kuna kampuni kama PCGS na NGC zinazopima sarafu, kuipa daraja na kuifunga kwenye kasha la plastiki. Huduma hiyo ina gharama, kwa hiyo haifai kwa sarafu ya dola tano.

Tano, na hili liandikwe kwa herufi kubwa: MNUNUZI WA KWELI HAMTOZI MUUZAJI ADA KABLA YA KUIONA SARAFU.

Mama wa vitumbua

Hilo la tano lina sababu. Mama mmoja wa Mbagala anayeuza vitumbua alikuwa na kopo la sarafu za zamani alizoachiwa na marehemu mume wake. Video ya mchekeshaji ilipomfikia, akaona tembo wake ni wale wale. Chini ya video, katikati ya komenti, kulikuwa na namba ya mtu aliyejiita wakala wa wanunuzi kutoka Ulaya. Mama akapiga. Akaambiwa kila tembo ni milioni tatu, ila kwanza alipe 45,000 ya cheti cha uhalali. Akalipa. Siku ya pili akaambiwa mzigo umekubaliwa, imebaki 80,000 ya ushuru wa kusafirisha fedha. Akalipa.

Mtoto wa kaka yake alipokuja kumsalimia jioni alimkuta amekaa na simu mkononi.

"Shikamoo shangazi. Mbona leo hujakanda unga?"

"Marahaba baba. Nasubiri simu ya wazungu."

"Wazungu gani tena, shangazi?"

Alipoelezwa, kijana akaipiga ile namba. Haipatikani. Jumla 125,000, ambayo kwa mama yule ndiyo unga wa mchele, mafuta na mkaa wa wiki. Alikaa siku nne bila kupika, na wateja wake wa asubuhi wakahamia kwa jirani. Sarafu zake bado zipo kwenye kopo. Shilingi 20 ya tembo ni sarafu ya kawaida tu, ilitengenezwa kwa wingi, na kwa wakusanyaji bei yake ni ya soda mbili tatu.

Mchekeshaji aliposimuliwa alijibu kwamba yeye hakumtuma mtu alipe hela. Ni kweli hakumtuma. Lakini ile namba ilikaa kwenye komenti zake wiki nzima, wakati komenti za kumsema vibaya alikuwa anazifuta fasta.

Za kwetu je, hazina thamani?

Zipo zenye thamani, ila si zile zinazorushwa. Ipo sarafu ya dhahabu ya tembo ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli wakati Wajerumani wamebanwa na vita. Zilitoka kama 16,000 tu, na ni dhahabu halisi, hivyo wakusanyaji wanaitoa jasho. Lakini hiyo konda wa daladala hawezi kuirudisha kama chenji. Tembo wa Tabora na tembo wa shilingi 20 hawana undugu wowote, na pengine uvumi wote wa mchekeshaji umezaliwa kwa kuwachanganya hao wawili.

Upo mfano mwingine unaofundisha zaidi. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile ya tundu katikati, ina jina la Mfalme Edward wa Nane. Huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akaachia ufalme Desemba 1936 kabla hajavikwa taji, na kwao Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikuingia mtaani. Mtu akisikia hivyo anadhani ameshika utajiri. Lakini senti hizo za tundu zilitengenezwa kwa mamilioni, na mpaka leo zinapatikana kwa bei ya kitumbua. Mfalme ni adimu, sarafu yake ni tele.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Uzee hauleti bei. Hadithi nzuri haileti bei. Bei inaletwa na vitu viwili vikikutana: sarafu zilizobaki ni chache, na watu wanaozitaka ni wengi. Marekani na Uingereza wakusanyaji ni wengi, wana vitabu vya bei, wana minada, ndiyo maana kosa dogo la kiwanda linakuwa hela. Shilingi yetu nayo inaweza kutoka na kosa, mashine ni mashine popote. Ila soko lake bado ni dogo, na asiyekuwepo mnunuzi hakuna bei, hata staa akiapa.

Mastaa wanadaiwa maelezo

Wapo watakaosema hii ni burudani tu, mbona watu wanakuza mambo. Wengine watasema mtu mzima anayetuma hela kwa asiyemjua ajilaumu mwenyewe, mjini shule. Hoja hizo zina ukweli kidogo. Ila burudani inaisha pale staa anapotaja thamani kama jambo la hakika, halafu watu wanaomwamini wakatenda kwa neno lake. Akitangaza sabuni analipwa na anajua anawajibika. Akitangaza sarafu asijifanye ni mpita njia.

Anachodaiwa ni kidogo. Aseme ni sarafu ipi na kosa liko wapi. Aseme nyingine kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani, si iliandikiwa kiasi gani. Na afute namba za mawakala kwenye komenti zake kwa kasi ile ile anayofutia matusi. Mwigizaji wetu bado ana peni 20 yake. Akiiuza kwa pauni sitini na akaposti hiyo sitini, atakuwa amewasaidia mashabiki kuliko posti zake zote za mwezi huu.

Maana uwindaji wenyewe ni mtamu. Kuna dada mmoja mtu wa Tanga anayefanya usafi wa maofisi London, ambaye wenzake wanamjua kwa tabia moja: akirudishiwa chenji haiweki kwenye pochi mpaka ageuze kila peni 20 pande zote mbili. Miaka imepita, amepata moja tu. Aliiuza, akamnunulia mwanawe viatu vya shule, hakuposti popote. Hakulipa ada kwa wakala, hakuvunja kibubu cha mtu, na hela aliyoipoteza kwa kutafuta ni sifuri, kwa sababu asiyekuwa na kosa anarudi dukani kununua mkate.

Hivyo chenji iangaliwe, watoto wafundishwe kusoma miaka na maandishi, sumaku iwekwe karibu. Atakayepata, hongera zake. Asiyepata, jero yake bado ni jero. Ila atakayesikia neno "ada" kabla sarafu haijaonwa, akate simu.

Kazi kwenu, wadau.